Kabla hujagusa tensheni: kuandaa cherehani ya kushonea ngozi

Kitenge ukikosea unafumua, unapiga pasi, unashona tena palepale na mteja hajui kitu. Ngozi haina msalie Mtume. Kila sindano inapotua inaacha tundu, na tundu hilo halizibiki kwa maji wala kwa moto. Ndiyo maana kwetu sisi tunaoshona mikanda, pochi, mikoba na makobazi, kuweka sawa mkazo wa uzi, yaani tensheni, ni kazi ya kumaliza kabla ngozi ya mteja haijaingia chini ya mguu wa cherehani. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haiko kwenye ile nati ya tensheni.

Hili nililipia. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Sabasaba, nina oda ya mikanda ya tabaka mbili, na chini ya kila mkanda vifundo vimetokeza kama punje za uwele. Nikakaza nati ya juu. Vifundo vikabaki. Nikakaza tena, uzi ukaanza kukatika. Nikahamia chini, nikalegeza skrubu ya kikopo cha bobini, kile kinachobeba bobini ya uzi wa chini, mambo yakazidi kuharibika. Mikanda mitano ilikwisha hivyo. Jirani yangu, mzee anayeshona viatu tangu mimi sijazaliwa, alikuja akasimama nyuma yangu, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo sindano namba ngapi?" Ilikuwa 110, na uzi niliofunga ulikuwa namba 20.

Kwa hiyo naanza na sindano na uzi, na hapa naomba msomaji atulie, maana matatizo mengi tunayoyaita ya tensheni yanazaliwa hapa. Namba ya uzi na namba ya sindano zinakwenda kinyume. Uzi namba 40 ni mwembamba kuliko namba 20, lakini sindano 140 ni nene kuliko 110. Namba ya sindano ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita: 110 ni mm 1.10, 140 ni mm 1.40. Kwenye pakiti utaona namba mbili pamoja, kama 110/18 au 140/22, na zote zinataja unene uleule. Uzi namba 40, ambao kwenye koni zingine umeandikwa Tex 70 (Tex ni kipimo kingine cha unene wa uzi), unakwenda vizuri na sindano 110. Namba 30 unataka 120 au 125. Namba 20, yaani Tex 135, unataka 140, na ngozi ikiwa ngumu na nene unapanda hadi 160.

Sababu yake inaonekana ukifikiri fundo linakaa wapi. Uzi wa juu na uzi wa chini vinapishana, na mahali vinapokumbatiana panatakiwa pazame katikati ya unene wa ngozi. Ili fundo lizame, lazima uzi wa juu ulivute kutoka chini lipande ndani ya tundu. Tundu likiwa dogo fundo linakwama mlangoni. Unakaza, unakaza, nguvu yote inaishia kwenye uzi, na uzi unakatika. Mikanda yangu haikuwa na ugonjwa wa tensheni hata kidogo.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili. Uzi namba 20 una unene wa kama mm 0.4. Viwili vikipishana ndani ya ngozi ya mm 1 havina pa kujificha, utarekebisha mpaka jua lizame na fundo litachungulia upande mmoja au mwingine. Mteja wa pochi nyembamba akitaka mshono mnene unaoonekana, mweleze mapema, au ongeza bitana ya ngozi kwa ndani upate unene wa kuficha fundo.

Angalia pia ncha ya sindano. Pakiti ya 135x16 ni ya ngozi, ncha yake inakata. 135x17 ni ya kitambaa, ncha yake inasukuma nyuzi pembeni. Zote zinaingia kwenye cherehani ileile, kwa hiyo ni rahisi kuchanganya, hasa Kariakoo ambako muuzaji anakupimia sindano mojamoja kutoka kwenye kopo. Omba uone pakiti. Na ukiifunga, isukume mpaka juu kabisa, mfereji mrefu ulio ubavuni mwa sindano uelekee upande uzi unakoingilia.

Kuhusu aina ya uzi sitakaa sana. Tafuta uzi uliogandishwa nyuzi zake pamoja, usiofumuka ukipita kwenye ngozi. Nailoni inavutika zaidi na inafaa mikoba na pochi. Kwa kitu kitakachoshinda juani, kama kiti cha bodaboda, poliesta inavumilia jua kuliko nailoni.

Sasa fuata njia ya uzi, kuanzia kwenye koni. Uzi unatakiwa upande wima kutoka katikati ya koni mpaka kwenye ndoano iliyo juu yake, bila kukwaruza ukingo. Kama unashonea chini ya pangaboi, na kwa joto la Dar nani hashonei chini ya pangaboi, angalia upepo usipeperushe uzi ukajizungushia kwenye kigingi cha koni. Hilo peke yake linatosha kubadilisha mkazo katikati ya mstari, na utahangaika na nati bure.

Unapotunga uzi, inua mguu wa cherehani. Mguu ukiwa juu, visahani vya tensheni vinaachia na uzi unaingia katikati yake. Ukiwa chini vimebana, na uzi mnene unaweza kukaa ukingoni bila wewe kujua. Ukimaliza, jaribu kwa mkono: mguu juu, uzi uvutike bila ubishi, shusha mguu, uvute tena, sasa uwe mzito, na uzito uwe uleule mwanzo mpaka mwisho. Ukihisi unashtukashtuka kuna uchafu kwenye visahani. Inua mguu, pitisha kipande cha kitambaa safi katikati yake kama unayesafisha meno kwa uzi.

Uchafu wenyewe ni mambo madogo ya kutisha. Juzi nimetoa chini ya springi ya kikopo cha bobini kishungi cha vumbi la ngozi na nyuzi, kimegandamana kikawa kigumu, hakizidi punje ya mchele. Kile ndicho kilichokuwa kinainua springi isibane uzi wa chini. Nafungua kikopo kila asubuhi, napitisha kona ya kadi nyembamba chini ya springi, kisha naangalia kutu. Sisi tuko karibu na bahari, chuma kisichopakwa mafuta kinashika kutu upesi, na springi yenye kutu inakwangua uzi. Baada ya kutia mafuta, shona kwanza kwenye kipande cha kutupa mpaka sindano itoke kavu. Doa la mafuta kwenye ngozi isiyopakwa rangi halitoki. Gundi nayo iache ikauke sawasawa kabla ya kushona, kwa sababu ikinata kwenye sindano cherehani itaruka mishono na utadhani ni tensheni.

Hapo ndipo mkono uende kwenye marekebisho, na uanzie chini. Weka alama ya kalamu kwenye skrubu ya kikopo kabla ya kuigeuza, ili ujue njia ya kurudi. Geuza robo ya mzunguko, usizidishe. Kwa uzi wa kawaida unaning'iniza kikopo kwa uzi wake: kisishuke chenyewe, ila ukikitikisa kidogo kishuke kidogo kisimame. Kwa uzi mnene kipimo hicho hakisaidii sana, vuta kwa vidole usikie ukinzani laini usiokatikakatika. Ukiridhika, achana na chini. Kuanzia hapo unacheza na nati ya juu tu. Wenye cherehani ya viraka ya mafundi viatu, ile ambayo mguu wake unazunguka pande zote, wakumbuke bobini yake ni ndogo na haikuundwa kwa uzi mnene. Kuilazimisha ni kuichosha.

Jaribio lifanyike kwenye mabaki ya ngozi ileile, tabaka zilezile, gundi ileile. Mimi naweka uzi mwekundu juu na mweupe chini, aina moja na unene mmoja. Hatua ya mshono, yaani urefu wa kila mshono, naiweka mm 3 hadi 4, maana mishono ikibanana sana matundu yanaipasua ngozi kama stempu. Nashona sentimita kama 15, mishono ya kwanza mitatu kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono huku nimeshika ncha zote mbili za uzi, zisivutwe chini zikajikusanya. Nyeupe ikichungulia juu, uzi wa juu umekaza mno. Nyekundu ikitokeza chini, umelegea. Kisha nachukua kisu kikali, nakata kipande hicho juu ya mstari wenyewe, kimshazari, nakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ndani unaona kabisa mahali nyekundu inapoishia na nyeupe inapoanza. Pakiwa katikati, umefika. Kama kazi yako ina sehemu inayotoka tabaka mbili kwenda nne, kwa mfano pembeni ya mfuko, jaribu na hapo pia, kwa kuwa fundo lililokaa vizuri kwenye mm 3 linaweza kushuka ukifika mm 6.

Kipande kilichofaulu nakibana kwenye daftari, chini yake naandika namba ya uzi, namba ya sindano, unene wa ngozi, hatua ya mshono na nati ilikaa wapi. Oda ya aina ile ikirudi, naanzia kwenye ukurasa huo.

Mwisho jaza bobini za kutosha kazi nzima, zote kwa mkazo mmoja, na uzipange mkono wa kulia. Uzi wa chini ukiisha katikati ya mkanda utalazimika kuanzia nyuma mishono mitatu au minne, ukizungusha gurudumu polepole, sindano ikishuka ndani ya matundu yaleyale.