Jirani anataka kuchimba msingi wa ghorofa? Fanya haya kabla kijiko hakijaingia

Ukisikia tu kiwanja cha jirani kimeuzwa na mabati yameanza kuzungushwa, usikae ukasema ngoja tuone. Anza kujiandaa siku hiyo hiyo. Nyumba ya mama yangu Sinza, hapa Dar es Salaam, imepasuka huku tunaiangalia na tulichelewa karibu kila kitu, na sasa hivi kila nikipita Sinza, Kijitonyama, Mikocheni naona nyumba za zamani zinavunjwa zinapanda ghorofa, katikati zimebaki nyumba za wazee, vile viwanja vya miaka ya 70 ambavyo watu walijenga nyumba za chini zenye msingi mfupi na kati ya ukuta na ukuta anapita mtu mmoja na ndoo yake. Hizo ndo zinaumia.

Kibao cha saiti. Kinatakiwa kiwepo, kionyeshe mwenye mradi ni nani na mkandarasi ni nani. Kama hakipo piga picha hapo pasipo na kibao alafu nenda serikali ya mtaa ukaulize. Jina ukilipata lihakiki CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wana madaraja, la kwanza mpaka la saba, la saba ndo la chini kabisa, na kila daraja lina mwisho wa ukubwa wa kazi wanayoruhusiwa, kwa hiyo ukikuta wa daraja la saba kakabidhiwa ghorofa nane uliza, tena uliza kwa maandishi.

Kibali cha ujenzi, nenda manispaa ukajue kama kipo na ni cha ghorofa ngapi. Usiambiwe kwa mdomo na fomeni.

Namba za simu: za mwenye jengo, za injinia wa saiti, za fomeni. Zote tatu, kwa sababu siku ukuta unalia usiku fomeni atakwambia yeye ni mtu wa kutumwa tu.

Sasa hili watu wengi hawaulizi kabisa. Uliza wanachimba kina gani na udongo wa upande wako utazuiwa na nini. Msingi wa nyumba yako haujashikwa na zege peke yake, umeshikwa na udongo ulio chini yake na ulio pembeni yake. Mtu akichimba pembeni mita nne wakati msingi wako una mita moja, na shimo liko hatua mbili tu kutoka ukutani, ule udongo unakosa cha kuegemea, unaanza kuteleza kwenda shimoni taratibu na nyumba inaufuata. Dar maeneo mengi ni mchanga, na mchanga ukinyeshewa masika hausubiri mtu. Wakikwambia watachimba kidogo kidogo kwa vipande na kujenga ukuta wa kuzuia kabla ya kuendelea, hayo ni majibu. Wakikwambia "usiwe na wasiwasi tumeshafanya kazi nyingi", hayo sio majibu.

Na kama shimo limefika kwenye maji wakaweka pampu inayonguruma usiku na mchana, fanya jambo moja rahisi sana. Kinga yale maji kwenye ndoo, yaache yatulie mpaka asubuhi, uangalie chini. Ukikuta mchanga umekaa, ujue ule ni udongo wa chini ya nyumba za watu unasafiri na maji. Piga picha ya ndoo, mtumie injinia hapo hapo. Sisi tuliyaona yale maji wiki mbili yanapita mtaroni yamekuwa ya rangi ya chai na hakuna aliyefikiria kitu.

Simtishi mtu. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 lilianguka jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi pale mjini, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo lenye watu na maduka ndani, na wafanyabiashara wa pale walisema kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo. Kwa hiyo ukimuuliza mkandarasi kuhusu shimo usijione mkorofi. Uliza mpaka ajibu.

Nikija kwenye lile lililotuumiza, ni PICHA ZA KABLA. Na nikisema picha simaanishi ulizojipigia umesimama getini.

Kijiko kiliingia kwa jirani mwezi wa tatu. Siku ya kwanza vikombe vilikuwa vinacheza kabatini, mama akatoka akaongea na fomeni, kijana mwenye heshima tu, akamwamkia shikamoo akamwambia "mama usijali, sisi hapa ni majirani, kikitokea chochote tutarekebisha". Mama akarudi ndani ameridhika. Na mimi nilipopigiwa simu nikasema sawa. Hilo ndo kosa letu la kwanza, tulipokea neno la mdomo kutoka kwa mtu ambaye sio mwenye pesa wala mwenye kampuni.

Wiki ya tatu ukatokea ufa kwenye kona ya dirisha la chumba cha nyuma, umekwenda mshazari kuelekea juu. Alafu ukutani kwa nje ukaja mwingine unapanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali. Mlango wa choo ukaanza kukwama. Hapo fomeni kweli akaleta mafundi wawili na mfuko wa saruji, wakaziba, wakapiga ripu, wakapaka na rangi, mama akawapikia chai. Mvua kubwa za mwezi wa nne zilipokuja nyufa zikafunguka zote na nyingine mpya sebuleni, unaingiza shilingi mia inasimama ndani. Sakafu ya chumba cha nyuma ikainama, ukiweka limao linakwenda lenyewe ukutani.

Tukaandika barua. Mwenye jengo akasema muulizeni mkandarasi, ndo niliyempa kazi. Mkandarasi akasema ana bima, tusubiri bima. Tukasubiri miezi miwili. Mtu wa bima alipokuja kukadiria alikuwa mstaarabu, alizunguka nyumba nzima ameshika kikaratasi chake, mwisho akamuuliza mama swali moja: "Mama, una ripoti ya hali ya nyumba kabla kazi haijaanza?" Mama akamwangalia. Akaniangalia mimi. Hatukuwa nayo.

Akatueleza, na haya ni mambo ambayo kila mwenye nyumba angetakiwa ayajue. Bima za ujenzi mara nyingi zina sehemu ya kuwalipa watu wa pembeni, lakini madhara ya mtikisiko na ya kuondoa udongo unaoshikilia nyumba ya jirani mara nyingi hayamo mpaka mkandarasi ayaongeze kwa kulipia. Na hata akiyaongeza huwa kuna sharti, kwamba kabla ya kuanza kazi nyumba za jirani ziwe zimekaguliwa na hali yake imeandikwa. Na wengi wanalipa tu kama nyumba imeanguka yote au sehemu yake, nyufa ambazo haziangushi nyumba hazihesabiwi. Mkandarasi wetu hakukagua nyumba yoyote. Kwa hiyo ile bima tuliyoisubiri miezi miwili haikuwa yetu toka siku ya kwanza.

Tukarudi kwa mkandarasi mwenyewe. Akatoa hoja moja tu: nyumba ni ya zamani, nyufa zilikuwepo. Na zile alizoziziba? Akasema alisaidia kwa ubinadamu, na alizikuta. Sasa utabisha na nini? Ushahidi wa lini zilianza wamepiga ripu wenyewe na sisi tukawapa chai.

Kilichotusaidia ni send-off ya mdogo wangu, ilifanyika hapo hapo uwanjani kwa mama mwezi wa kwanza mwaka ule ule. Nikakaa usiku mzima napitia picha za mpiga picha, mia nne na kitu, natafuta ukuta nyuma ya vichwa vya watu. Nikapata tisa zinazoonyesha ukuta wa nje na dirisha la sebule, safi, hauna mkwaruzo, na tarehe zipo. Hizo tisa ndo zilimkalisha mkandarasi mezani mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Fundi wetu alikuwa amekadiria matengenezo milioni 14. Tukalipwa milioni 3 na laki mbili, za ukuta ulioonekana kwenye picha. Chumba cha nyuma, ambacho ndo kimeumia kuliko vyote, hakuna mtu anapiga picha za sherehe huko. Mpaka leo mama hakilali.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kijiko, sio baada. Piga kila chumba, kila kona, dari, sakafu, juu ya milango na madirisha, chemba, karo, ukuta wa fensi pande zote mbili. Ufa mdogo wa zamani ukiwepo upige pia, weka rula pembeni, usiufiche, ukiuficha ndo watakuumbua nao. Chukua video ukitembea huku unasema tarehe. Ukiweza lipia injinia aliyesajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aandike ripoti, au mlazimishe mkandarasi alete wake mzunguke wote. Alafu chapisha nakala mbili, mkandarasi asaini kila ukurasa, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Akikataa kusaini mpelekee kwa barua na nakala yako isainiwe kwamba imepokelewa. Na uombe kuona bima yake, uulize hasa hicho kipengele cha mtikisiko na udongo.

Nyufa zikishatokea, usiruhusu mtu azizibe kabla hazijapimwa. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia na tarehe pembeni, kila Jumapili angalia kama umevuka alama. Au bandika kipande cha kioo chembamba kikatize ufa, gundi pande zote mbili, kikikatika ujue nyumba bado inatembea, na hapo unakwenda manispaa kuomba kazi isimame.

Barua zote andika kwa mwenye jengo na mkandarasi kwa pamoja, wasirushiane mpira. Baraza la kata siku hizi linapatanisha tu, haliamui kesi, kwa hiyo usipoteze mwaka hapo ukingoja hukumu. Madai ya uharibifu wa namna hii yana ukomo wa miaka 3 na watu wa kampuni wanaujua vizuri kuliko wewe, kila "njoo wiki ijayo" inakula humo humo. Muone wakili mapema hata kwa ushauri tu.

Usisaini karatasi ya "nimelipwa na sina madai mengine" wakati jengo bado linapanda. Uzito ukiongezeka na udongo unaendelea kutulia, yanaweza kutokea mengine.

Wapangaji wako waambie pia, wasikubaliane na fomeni kitu chochote kwa niaba yako. Bomba la maji na waya za umeme upande wa shimo uziangalie kila wiki, bomba likipasuka chini kwa chini linalowesha msingi bila mtu kujua. Hati na karatasi zote ziweke nje ya nyumba hiyo. Kitanda hamisha kutoka ukuta ule, na watoto wasicheze upande wa shimo hata kama wameweka mabati.