Somo: Kuitoa Programu Katika Majaribio na Kuifikisha Mikononi mwa Watumiaji

Naandika somo hili ili nisilazimike tena kujibu swali lile lile kila wiki: "Programu yetu imekwisha, tuizindue lini?" Nimeulizwa kwenye gati la Mokowe, nimeulizwa harusini Langoni, na safari moja niliulizwa nikiwa katika foleni ya kuwapa mkono wafiwa. Mimi ni meneja wa bidhaa. Siandiki msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu; kazi yangu ni kuamua kitengenezwe nini, kujua kimefikia wapi, na kusema kama kinafaa kutolewa au bado. Mifano nitaitoa katika programu ya tiketi za boti niliyoisimamia hapa Amu, yaani Lamu, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza na ndiyo iliyoniaibisha.

Hatua ya 1. Kabla ya majaribio, andikeni kwa pamoja mambo ambayo yakitimia programu itahesabiwa kuwa imekamilika.

Hatua ya 2. Fungeni mlango wa vipengele vipya. Atakayeleta wazo baada ya hapo aandikiwe toleo lijalo, hata kama yeye ndiye mwenye fedha.

Hatua ya 3. Watengenezaji wapime kazi yao, kisha wapimaji ambao hawakuiandika waipime upya.

Hatua ya 4. Pangeni kasoro kwa uzito wake, wala usiwaachie watengenezaji peke yao kazi hiyo, kwa sababu ugumu wa kuirekebisha kasoro na madhara yake kwa mtumiaji ni mambo mawili mbali. Kwetu jina la Kizingitini lilikosewa herufi moja, na kasoro hiyo ikawekwa mwisho wa orodha. Mzee wa Kizingitini akiiona, kwake ni ushahidi kwamba walioitengeneza programu hawajawahi kukanyaga kwao, na shilingi yake hawataipata. Niliipandisha ikawa ya pili.

Hatua ya 5. Watumiaji wenyewe waijaribu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Toleo letu la kwanza lilikuwa la Kiingereza, na abiria aliyeona "2:00 PM" alijua bila kufikiri kwamba ni saa nane mchana, kama anavyoisoma saa ya simu yake kila siku. Katika toleo la pili tukatia Kiswahili, na aliyetafsiri skrini akaiacha namba kama ilivyo, akaibandikia maneno: "saa 2:00 mchana". Majaribio 40 yalipita yote. Wapimaji wetu walikuwa vijana wa ofisini waliojua tayari maana iliyokusudiwa, na mimi mwenyewe niliipitia skrini ile mara nyingi bila kushtuka. Siku tulipoitoa, nahodha wa boti ya Faza aliona saa mbili, akalihesabu neno "mchana" kuwa makosa ya vijana, akaondoka saa mbili asubuhi na abiria walioelewa kama yeye; waliobaki wakafika saa nane wakakuta gati tupu, na wote walikuwa wamekwisha kulipa. Mama mmoja alininyooshea simu yake akaniuliza, "Saa mbili ya mtana ni saa ya wapi?" Sikuwa na jibu.

Tahadhari zangu ni hizi. Mpelekee programu mtu atakayeitumia, mahali atakapoitumia, kwa simu yake na bando lake. Ukimpa simu yako mpya iliyounganishwa na mtandao wa ofisi, umeipima simu yako. Mpe shughuli, usimpe maelekezo: mwambie, "Kata tiketi ya kwenda Faza kesho asubuhi," kisha weka mikono nyuma na unyamaze, hata akihangaika dakika nzima, kwa kuwa dakika hiyo ndiyo uliyoijia. Ukishamwonyesha kitufe kwa kidole, jaribio limekwisha na mmebaki kupiga gumzo. Wala usimwulize kama ameipenda. Watu wetu wana adabu, watasema wameipenda.

Hatua ya 6. Malipo yapimwe peke yake. Katika mazingira ya majaribio ya M-Pesa fedha si za kweli, nawe umekaa penye mtandao mzuri. Abiria wako yuko katikati ya mkondo. Pimeni hali ambayo ametia namba ya siri, fedha zimetoka, na uthibitisho haujaifikia seva yenu, yaani kompyuta kuu inayoihudumia programu. Programu iulize kwanza hali ya muamala ule kabla ya kumruhusu alipe tena.

Hatua ya 7. Tengenezeni njia ya kurudi, na msitoe toleo kwa watu wote kwa pigo moja. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kompyuta za Windows zilizokadiriwa kufikia milioni 8.5 zikazimika, safari za ndege zikakwama katika nchi nyingi. Baada ya hapo kampuni hiyo iliahidi kusambaza mafaili ya aina ile kwa awamu. Google Play, duka la programu za simu za Android, hukuruhusu kupeleka sasisho kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza. Jihadharini, hata hivyo, na kosa langu la pili la siku ile ile ya gati tupu: nilipousimamisha usambazaji nilidhani simu zilizokwisha kulipokea toleo zitarudi kwenye toleo la zamani. Hazirudi. Kusimamisha huwazuia waliobaki tu, na waliokwisha kulipata hutibiwa kwa toleo jipya lenye namba ya juu zaidi, ambalo sisi hatukuwa nalo. Tangu hapo kila kipengele kipya tunakiwekea swichi kwenye seva, ili kizimwe bila kusubiri toleo jingine.

Hatua ya 8. Fanyeni kikao kifupi cha uamuzi. Kila mhusika aseme "twende" au "tusubiri" na sababu yake, na muandike mapema ni jambo gani likitokea mtasimamisha, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha bila kupigia mtu simu.

Hatua ya 9. Zindueni Jumanne asubuhi. Si Ijumaa, na si wiki ya Maulidi.

Maswali ya wasomaji

Swali, kutoka Shela: Nina wajaribu watatu na kila kitu ni sawa, lakini Google Play inanikatalia kuzindua. Tatizo ni nini?

Jibu: Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kuzindua. Masharti hayo yako kwenye ukurasa uliokukatalia. Uusome.

Swali, kutoka Malindi: Mwalimu, nitumie orodha yako ya uzinduzi niinakili.

Jibu: Hatua ya 1 imesema "andikeni kwa pamoja". Orodha yangu ina boti. Wewe una boti?

Swali, kutoka Mokowe: Kwa hiyo meneja wa bidhaa kazi yake ni kuwasumbua waandishi wa msimbo kisha kuchukua sifa?

Jibu: Siku gati lilipokuwa tupu, aliyesimama mbele ya abiria na kuwarudishia nauli nilikuwa mimi, wala sikulitaja jina la aliyetafsiri. Ukiziona sifa nilizochukua siku ile, niletee.

Swali, kutoka Malindi: Shikamoo mwalimu. Umesema kila kipengele kipya kiwe na swichi. Je, swichi zikiwa nyingi haziwezi zenyewe kuleta kasoro? Na zikizeeka zinafanywaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali hili lilistahili kuwa hatua. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilitia msimbo mpya kwenye seva zake, na katika seva 8 moja ikasahauliwa. Msimbo mpya ulitumia tena swichi ya zamani, na ilipowashwa, seva iliyosahauliwa ikaamsha msimbo wa miaka mingi nyuma ambao haukuwahi kuondolewa. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza dola zipatazo milioni 440. Kwetu, swichi ikizaliwa huandikiwa mwenyewe na tarehe ya kufa. Kipengele kikishatulia, swichi na msimbo wa zamani huondolewa pamoja, na jina la swichi halirithiwi. Pimeni pia programu ikiwa swichi imezimwa, kwa sababu siku ya dhiki hiyo ndiyo hali mtakayoikimbilia.

Swali, kutoka Lamu mjini: Naweza kuchukua majina na namba za abiria wa kweli nizitumie kupima?

Jibu: Hapana. Walikupa namba zao ili wasafiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kuzigeuzia kazi nyingine unavyotaka. Tunga majina, na uyatunge yafanane na ya kwetu, yawe na nafasi katikati na alama ya ritifaa, kama Ng'ang'a, maana huko ndiko kasoro hujificha.

Swali, kutoka Faza: Si swali bali nyongeza. Mkipima ndani ya boti, simu itieni katika mfuko wa plastiki unaopitisha mguso wa kidole, na skrini iangalieni saa sita za mchana, kwani rangi zenu za kijivu juani hazionekani. Pia ratiba yenu ina saa zisizobadilika, na mlango wa bahari wa Mkanda hauwangoji. Maji hujaa yakichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, nasi tunaondoka kwa kufuata maji.

Jibu: Ahsante sana, kaka. La plastiki nimelichukua. La maji tuliliona tukiwa tumechelewa: sasa nahodha huweka saa ya kesho yeye mwenyewe kila jioni, na abiria hupelekewa ujumbe mfupi, ili hata mwenye mulika mwizi aupate. Ikiwa una daftari la nyakati za bamvua na maji mafu ulilozoea kulifuata, nitavuka Jumamosi nije kuliona.