Binti wa Mtwara na Safari ya Kuwa Mchezaji wa Kulipwa wa Mpira wa Kikapu

Binti anayetaka kuishi kwa mpira wa kikapu, pamoja na mzazi wake, wajue tangu mwanzo kwamba kwetu kusini safari hiyo hupitia shuleni. Klabu zinazoweza kumkuza ziko mbali, nyingi zikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo watakaomwona kwanza ni walimu wanaochagua timu za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari ambayo mwaka 2021 yalichezwa hapa hapa Mtwara. Clarisse Machanguana, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, alipitia Chuo Kikuu cha Old Dominion nchini Marekani kabla ya kuingia Los Angeles Sparks, timu ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya huko, mwaka 1999. Vyuo vya Marekani hutazama matokeo ya darasani pamoja na mchezo, kwa hiyo anayeacha masomo ili apate muda wa mazoezi anaipoteza nafasi anayoitafuta.

Mazoezi yaanzie miguuni. Katika miaka niliyofundisha wasichana kwenye kiwanja cha saruji, nimeona kwamba kinachowaondoa mchezoni mapema si kimo wala ukosefu wa viatu vya gharama, bali ni goti. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na aghalabu hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu, anapotua au anapogeuka ghafla. Panda juu ya benchi fupi, ruka chini, kisha utue taratibu kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidole vya miguu. Mwenzako asimame mbele yako na kukutazama. Akiona magoti yanakaribiana, rudia, hata kama umechoka. Fanya hivyo mara kumi kabla ya kugusa mpira, siku tatu kwa wiki, na kiwanja kifagiwe kwanza, kwa sababu mchanga juu ya saruji huteleza vibaya.

Wanawake huchezea mpira saizi 6, ambao ni mdogo na mwepesi kuliko saizi 7 ya wanaume. Shule yenye mpira wa wanaume peke yake iombe huo mwingine, kwani mkono hujifunza kile unachokishika kila siku. Mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na pete iko juu mita 3.05. Kutoka kwenye mstari huo, rusha mitupo 50 kila jioni na uandike kwenye daftari mingapi imeingia.

Nyaraka zishughulikiwe mapema. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na lile la vyeti vya shule. Kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa sababu maalumu, kwa hiyo wakala anayetaka kumpeleka binti wa miaka 16 nje akacheze kwa malipo akataliwe, hata akija na zawadi. Akishatimiza miaka 18, mkataba usomwe na mtu anayeielewa vizuri lugha ulioandikwa kwayo, nao utaje mshahara, mlipaji wa matibabu ya majeraha na tiketi ya kurudi nyumbani. Pasipoti aishike binti mwenyewe.