Piga hesabu ya supanova kwa kalkuleta ya simu

Wadau wa form five na six hapa Moshi, hii mada ya jinsi mawimbi ya mshtuko ya supanova yanavyozipa chembe nishati watu wanaikimbia bure, fungueni simu twende.

Nyota ikilipuka inasukuma gesi, na mbele ya gesi hiyo linatangulia wimbi la mshtuko, tuseme linaenda kilomita 5,000 kwa sekunde. Gawa kwa kasi ya mwanga, 300,000, unapata 1/60. Protoni ikivuka wimbi na kurudi inaongeza nishati kwa 1/60 ya iliyokuwa nayo, maana upande wowote inaotokea, gesi ya ng'ambo inaijia, sawa na mpira unaogonga bamba la Costa inayokuja kasi kutoka Arusha.

Sasa andika 1.0167, yaani 1 + 1/60, kipeo 139, yaani mizunguko 139 ya kwenda na kurudi. Inakuja karibu 10. Ila kila mzunguko kama 1/60 ya chembe zinasombwa na gesi nyuma ya wimbi, ndo hazirudi tena, kwahiyo piga pia 0.9833 kipeo 139, inabaki kama 0.1. Nishati mara kumi, idadi sehemu ya kumi! Rudia na kilomita 2,500, mizunguko inafika kama 277 lakini uwiano ni uleule, na hapo ndo utamu wenyewe. Wanafizikia Krymsky, Bell, Axford na wenzake, na Blandford na Ostriker walilifikia hili kila mmoja kivyake mwaka 1977 na 1978.

Usiishie hapo, jiulize nini kinazirudisha. Ni uga wa sumaku wenye mikunjo, ila kati ya nyota uga una maikrogausi (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) chache tu, chembe zenye nishati kubwa zingetoroka. Dawa chembe zinaileta zenyewe: zinazotangulia mbele ya wimbi ni mkondo wa umeme, mkondo unasukuma gesi, gesi inavuta mistari ya sumaku na kuikunja mpaka uga unakua mara nyingi. Bell alionyesha hilo 2004.

Ushahidi upo, tafuta picha ya eksirei ya mabaki ya Tycho, supanova ya 1572, iliyopigwa na Chandra, darubini ya angani, vuta karibu ukingo wa bluu. Umeona ule uzi mwembamba? Ni eksirei za elektroni zinazozunguka kwenye uga wa sumaku; uga ukiwa mkali zinamaliza nishati kabla hazijafika mbali, na ili uzi uwe mwembamba hivyo unahitaji maikrogausi mia na zaidi. Alama ya protoni usiitafute hapo, ilipatikana kwenye miale ya gama ya mabaki mengine ya supanova, IC 443 na W44, kwa darubini ya Fermi, 2013.