Kuwa mlezi wa kambo England: hatua kwa hatua kwa wenzetu wa Kiswahili

Ndugu zangu, nimeombwa mara nyingi niandike taratibu hizi kwa lugha yetu. Naandika kwa moyo wote, kwa sababu wapo watoto wa asili yetu walio mikononi mwa halmashauri huku sisi tupo tele Leicester, Reading, Birmingham na London, na baadhi yetu chumba kinakaa tupu. Somo hili ni la England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kwanza lieleweke: huku si kuasili. Mtoto anabaki kuwa wa wazazi wake, na halmashauri ndiyo inayosimamia mambo yake. Wewe unamlea kwa usiku mmoja, kwa miezi, au mpaka afikishe miaka 18, kadiri itakavyoamuliwa.

Hatua ya 1: Jiangalie kama unafaa. Uwe na miaka 21 au zaidi. Ukomo wa juu haupo, mradi afya inaruhusu. Uwe na haki ya kuishi nchini, na ofisi nyingi zitataka uraia au ukaazi wa kudumu. Mseja, mjane, aliyeachika, mpangaji, wote wanaruhusiwa kuomba. Linalowakwamisha wengi ni chumba: mtoto aliyezidi miaka 3 anatakiwa awe na chumba chake, na sebule yenye godoro haihesabiki.

Hatua ya 2: Chagua pa kuomba. Unaweza kwenda halmashauri ya eneo lako au wakala wa malezi wa kujitegemea. Wakala hao husajiliwa na kukaguliwa na Ofsted, ofisi ya serikali inayokagua shule na huduma za watoto, na ripoti zao zinasomwa bure mtandaoni. Zisome kabla hujapiga simu. Uliza nani atapokea simu yako saa nane usiku mtoto akitoroka. Jibu lake litakufaa kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 3: Ziara ya kwanza na mafunzo ya awali. Mtu atakuja kuona nyumba na kuzungumza nanyi, kisha mtaitwa kwenye mafunzo, kwa kawaida kama siku tatu. Mume na mke mhudhurie wote wawili.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa kumbukumbu. Cheti cha DBS, yaani ukaguzi wa rekodi za uhalifu, kwa kila mtu wa miaka 18 na zaidi anayeishi humo, pamoja na yule mpwa aliyekuja kusoma. Uchunguzi wa afya kwa daktari wako. Wadhamini, yaani watu wanaokufahamu vizuri, watakaohojiwa ana kwa ana. Mtalaka mliyelea naye watoto anaweza kutafutwa pia. Kama umeishi Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ukiwa mtu mzima, huenda ukaombwa cheti cha polisi cha huko, kwa hiyo anza mapema. Makosa dhidi ya watoto hufunga mlango, lakini kosa dogo la zamani si lazima likunyime nafasi. Kulificha ndiko kutakakokunyima.

Hatua ya 5: Mahojiano ya nyumbani. Hapa ndipo wengi wetu wanapokwama, basi tukae hapa kidogo. Ofisa wa ustawi wa jamii atakuja mara kadhaa, atakaa kwenye kochi lako na daftari lake, na atakuuliza mambo ambayo hata mama yako hujawahi kumwambia. Ulilelewa na nani? Ulipopelekwa kwa bibi, nani alikueleza kwamba unakwenda kukaa? Ulipokosea ulifanywa nini? Ndoa ya kwanza ilivunjikaje? Mkigombana, nani ananyamaza?

Sisi tumefunzwa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Kwa hiyo tunajibu, "Nililelewa vizuri, namshukuru Mungu," tunaishia hapo, na ofisa anaandika kwamba mwombaji hakufunguka. Hahitaji mtu ambaye hakuwahi kuumizwa. Anataka kujua kama lililokuumiza umelikalia ukalifikiri, lisije likamwangukia mtoto wa watu. Dada aliyelelewa kwa shangazi akawa anakula wengine wakishashiba, anamwelewa mtoto anayeficha mkate chini ya mto. Aliseme hilo. Ni elimu, na ofisa ataiandika hivyo.

Watoto wako nao watahojiwa, pengine bila wewe kuwapo. Yote huingia kwenye ripoti ndefu iitwayo Fomu F. Utapewa uisome na utoe maoni yako kabla haijafika kwa jopo linalojadili maombi yako, isipokuwa maneno ya wadhamini.

Hatua ya 6: Jopo. Utaitwa mbele ya watu kadhaa. Mara nyingi yumo mlezi mzoefu, au mtu ambaye naye alilelewa hivyo utotoni. Jopo hupendekeza, na uamuzi wa mwisho hutolewa na ofisa mwamuzi wa shirika. Ukikataliwa, una siku 28 za kujitetea au kupeleka shauri lako kwa chombo huru cha mapitio. Tangu maombi hadi hapa, tarajia miezi minne hadi minane.

Hatua ya 7: Baada ya kupitishwa. Utapewa ofisa wako wa kukusimamia, kuna mafunzo ya kumaliza ndani ya miezi 12, na kila mwaka utapitiwa upya. Kwa kawaida hutapewa watoto zaidi ya watatu, isipokuwa ndugu wa tumbo moja wasiotakiwa kutenganishwa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo dada. Mtoto akizidi utukutu, kakofi kadogo hakaruhusiwi kweli?
Marahaba mdogo wangu. Hakaruhusiwi hata kidogo. Kanuni za huduma za malezi za England za mwaka 2011 zinakataza adhabu yoyote ya mwili kwa mtoto uliyekabidhiwa, na kufinya kumo. Kumnyima chakula vilevile usithubutu. Jopo litakuuliza jambo hili, maana wanajua tulikotoka, na "nitajitahidi" halitawatosha. Waeleze utakachofanya: utashusha sauti, utampa nafasi apoe, utazungumza naye baadaye, utampigia ofisa wako.

Posho ikoje? Nikiipokea, si nitakatwa Universal Credit?
Unalipwa kwa wiki. Serikali huweka kima cha chini kila mwaka kulingana na umri wa mtoto na eneo. Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, haiihesabu kama kipato chako. Kwa upande wa kodi utajiandikisha HMRC, mamlaka ya kodi, kama mtu aliyejiajiri, lakini msamaha ni mkubwa: mwaka wa kodi 2024/25 ulikuwa pauni 19,360 kwa kaya, ukiongeza kiwango cha kila wiki kwa kila mtoto. Wengi hawalipi chochote.

Sisi ni Waislamu. Tukiletewa mtoto Mkristo?
Mtamlea na dini yake. Akitaka kanisa, mtampeleka au mtampatia wa kumpeleka. Kupika halali nyumbani si tatizo, lieleze tu mapema. Na nywele zake msizikate wala kuzibadili bila idhini, hata kama mnaona zinamchosha. Kusuka na kupaka mafuta, hilo mnalijua kuliko watu wengi, na kwa mtoto mweusi aliyefika na nywele zimeshikamana ni huduma kubwa sana.

Desemba tunakwenda Mombasa. Mtoto tunakwenda naye?
Muulize ofisa wa mtoto kabla hujakata tiketi. Inategemea amri ya mahakama iliyopo na idhini ya wazazi. Kuna pasipoti na chanjo pia.

Binamu yangu wa Arusha ameniletea mwanawe wa miaka 12 asome hapa. Haya yananihusu?
Yanakuhusu, tena sana. Sheria ya hapa inawahesabu hawa tu kuwa ndugu wa karibu wa mtoto: bibi, babu, kaka, dada, shangazi, mjomba, baba mkubwa na mdogo, mama mkubwa na mdogo wa damu au wa ndoa, na mzazi wa kambo. Binamu wa mzazi hayumo, hata kama mtoto anakuita mama mdogo tangu azaliwe. Ukikaa na mtoto wa namna hiyo, aliye chini ya miaka 16, kwa siku 28 au zaidi, lazima halmashauri ijue: wiki 6 kabla hajafika, au mara moja kama ameshafika. Serikali ilikaza usimamizi huu baada ya Victoria Climbié, binti wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, kuuawa London mwaka 2000 akiwa kwa ndugu wa familia. Hawaji kukunyang'anya mtoto. Watakuja kuona analala wapi, anasoma wapi, na watazungumza naye. Piga simu halmashauri kesho asubuhi, uwe na namba ya simu ya mama yake mkononi.