Kukaza macho kwenye tundu la moto: kuunga mtambo wa gumegume na mtutu

Karakanani kwangu, hapa Lancaster, Pennsylvania, kuna kitako cha bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, cha mbao ya mepoli (maple), nilichokiharibu mwaka wangu wa kwanza. Sijakitupa. Mtambo, yaani sehemu inayopiga cheche, niliuweka milimita 3 nyuma ya pale ulipotakiwa, na nilipotoboa tundu la moto, kitundu cha ubavuni kinachopitisha moto hadi kwenye baruti ndani ya mtutu, keekee ikaangukia kwenye nyuzi za kizibo kinachofunga nyuma ya mtutu. Miezi miwili ya kazi ikaishia hapo.

Mji huu ndiko mafundi wenye asili ya Kijerumani, akina Jacob Dickert, walikotengeneza bunduki ndefu za gumegume karne ya 18. Mimi hununua mtutu na mtambo vikiwa tayari. Kazi yangu ni mbao na kuoanisha. Sheria ya Marekani huzihesabu hizi kuwa silaha za kale. Ukiwa Kenya au Tanzania, usianze bila kibali.

Kwanza tafuta kizibo kinaanzia wapi. Ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, mpaka ugote, tia alama usawa wa mdomo wa mtutu. Utoe, ulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae palepale mdomoni. Ncha ya mdeki inakuonyesha uso wa kizibo. Chora mstari. Tundu lote litaangukia mbele ya mstari huo, na kifa cha mtambo, yaani kisahani cha baruti ya kuwashia, kitalifuata tundu. Usikubali mbao ikuamulie.

Mtutu ukishalala vizuri kwenye mbao, ndipo ushike mtambo. Fungua vipande vya ndani vyote, ubaki na bamba tupu, lile la chuma linalovishika. Piga tupa kingo zake ziiname kidogo kuelekea ndani, liingie kama kizibo cha chupa. Chora mzunguko wake kwenye mbao kwa ncha ya kisu, maana penseli ni nene mno.

Sasa washa koroboi. Ndiyo, koroboi ileile ya mafuta ya taa. Baba yangu, seremala wa Tanga, aliitumia kuoanisha milango, nami sijaona kinachoishinda. Pitisha bamba juu ya moshi mpaka liwe jeusi, libonyeze mahali pake, ligonge taratibu kwa nyundo ya mti, litoe. Palipoachwa masizi ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, kwa patasi kali, unyoya mwembamba. Rudia. Mara 40 si nyingi. Bamba likigusana na ubavu wa mtutu kwa urefu wake wote, bila mwanga kupenya, acha. Kisha rudisha vya ndani kimoja kimoja, kila kimoja na masizi yake.

Pini zinazoshika mtutu zipe nafasi: matundu ya vishikizo vilivyo chini ya mtutu yarefushe kidogo kwa tupa, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa na majira.

Tundu la moto hutobolewa mwisho, mtambo ukiwa umekazwa kwa skrubu zake. Tia alama kwenye ubavu wa mtutu, katikati ya kifa kwa urefu, usawa wa ukingo wake wa juu. Pima tena kwa mdeki. Fungua kifa, utazame kwa ubavuni: duara dogo la alama yako likae kama jua linapochomoza baharini, nusu juu, nusu bado chini. Hapo ndipo ushike keekee.