Mazoezi ya Gitaa kwa Anayeanza: Kazi Iko Kwenye Kuhama

Wanaoanza kujifunza gitaa hulalamika mara kwa mara kwamba kodi zote za wimbo (yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) wanazijua, lakini wimbo hautoki. Kila kodi ikipigwa peke yake inalia vizuri. Shida inajitokeza pale mkono unapotoka kodi moja kwenda nyingine, unaposita kidogo na mapigo kukatika. Ndiyo maana namshauri anayeanza atumie sehemu kubwa ya muda wake kufanya mazoezi ya kuhama, hata kabla hajauwaza wimbo wenyewe.

Kata kwanza kucha za mkono unaobonyeza nyuzi, kisha tyuni gitaa, yaani rekebisha sauti za nyuzi, kuanzia uzi mnene wa sita hadi mwembamba wa kwanza: E, A, D, G, B na E. Programu za simu zinaifanya kazi hii vizuri, na si haki kulizoeza sikio sauti zilizopotoka.

Anza na kodi ya A maina, inayoandikwa Am. Kidole cha shahada kinakaa kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza (freti ni nafasi kati ya vichuma vya shingo ya gitaa, zikihesabiwa kutoka kichwani). Cha kati kwenye uzi wa nne, freti ya pili. Na cha pete kwenye uzi wa tatu, freti hiyohiyo ya pili. Sasa nenda kodi ya C. Ukitazama kwa makini, utaona kwamba shahada na cha kati havina safari yoyote: kinachohama ni cha pete peke yake, kinachotoka uzi wa tatu kwenda uzi wa tano, freti ya tatu. Asiyeonyeshwa jambo hili huinua mkono mzima na kuanza kuvitafutia vidole vyote vitatu mahali upya, na hapo ndipo muda unapopotea. Vivyo hivyo, ukiipiga kodi ya Em (E maina) kwa kidole cha kati kwenye uzi wa tano na cha pete kwenye uzi wa nne, vyote freti ya pili, utaifikia Am kwa kuvisogeza vidole hivyo viwili pamoja kwa uzi mmoja, kisha kuongeza shahada. Kwa hiyo, kabla ya kuhama popote, jiulize ni kidole gani kinaweza kubaki.

Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige kila kodi mapigo manne, kisha uhame bila kuusimamisha mkono unaopiga. Ukichelewa, shusha hadi 50; usiharakishe vidole kwa nguvu, kwa sababu mkono hukariri makosa kwa bidii ileile unayokariri usahihi. Baada ya hapo hesabu umehama mara ngapi kwa dakika moja, na uandike idadi hiyo kwenye daftari kila siku. Dakika 20 za kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi pekee.

Ncha za vidole zitauma mpaka zifanye sugu, jambo linalochukua wiki chache, lakini maumivu ya kifundo cha mkono ni ishara ya kupumzika na kurekebisha mkao. Wengi hubonyeza kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu kidole kiko mbali na kichuma cha freti. Kisogeze karibu na kichuma hicho, upande wa kichwa cha gitaa, bila kukikanyaga, na uzi utalia safi kwa nguvu ndogo. Kodi ya F ya kubana nyuzi zote sita kwa shahada iache kwanza. Ile ya nyuzi nne inatosha.

Mkono wa pili nao unahitaji mwalimu, na kwangu hakuna bora kuliko mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Alipiga kwa kidole gumba na shahada tu, na bado unasikia kana kwamba wapigaji ni wawili. Ukishaweza kuhama kutoka Am kwenda C bila kukatika, weka pleki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi) pembeni: gumba lipige uzi wa tano kwenye kila pigo, huku shahada ikichokonoa uzi wa pili katikati ya mapigo. Uzi huo wa tano unafaa kodi zote mbili, hivyo gumba halitahitaji kuhama hata mara moja.